Ile ya elfu ishirini inatosha? Pasipoti na hati ya dharura ya safari, ukiwa Dar

"Dada, ile ya elfu ishirini inatosha?"

Swali hilo halipiti wiki sijaulizwa. Nina stesheneri Keko, mwendo mfupi wa bodaboda hadi ofisi za Uhamiaji Kurasini, na wengi wanaokuja kutoa kopi, kupiga picha na kujaza fomu mtandaoni wananipitia wakiwa njiani kwenda huko. Ile ya elfu ishirini ni hati ya dharura ya safari. Mwenzake ni pasipoti ya kielektroniki, ya shilingi 150,000. Kati yao kuna laki na thelathini, na kwa mtu anayepanga chumba Mbagala hiyo ni kodi ya miezi. Simlaumu anayeuliza.

Jumatatu moja waliniuliza wawili kwa mpigo. Mmoja mama wa dagaa wa Temeke, anataka kwenda Lusaka kuonana na wanunuzi uso kwa uso baada ya miaka ya kutuma mzigo kwa madereva. Mwingine kijana amefiwa na mjomba wake Nairobi, maziko keshokutwa, nauli ya basi ameshachangiwa na ndugu. Swali lao moja. Majibu niliyowapa yalikuwa tofauti kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuziweke sambamba

| | Pasipoti ya kawaida | Hati ya dharura ya safari |
|---|---|---|
| Ada | Sh 150,000 | Sh 20,000 |
| Uhai wake | Miaka 10 kwa mtu mzima | Mfupi. Tarehe imeandikwa humo humo, isome |
| Inakufikisha wapi | Popote, mradi una viza pale inapotakiwa | Kwa majirani |
| Chipu | Ipo | Haina |
| Viza za Dubai, Uchina, India, Ulaya | Zinaombewa hii | Usiitegemee |
| Safari ya kushtukiza | Iwe tayari iko kabatini | Hapo ndipo kazi yake |

Ukitazama jedwali haraka unaweza kudhani ya pili ni pasipoti ya maskini. Siyo. Ni hati ya mtu aliyeshikwa na jambo. Mtanzania amefiwa ng'ambo ya mpaka, mgonjwa wake amelazwa Kampala, au amepoteza pasipoti akiwa nje na ubalozi unampa karatasi ya kumrudisha nyumbani. Kwa hayo inafanya kazi yake vizuri, na nimewaona watu wanaoingia Kurasini asubuhi na vielelezo vyao vimekamilika wakatoka nayo siku hiyo hiyo. Pasipoti haiendi hivyo. Hata nyaraka zikiwa safi utasubiri, na zikiwa na kasoro ndogo utasubiri zaidi.

Kwa hiyo yule kijana wa msiba nilimwambia akimbilie hati ya dharura. Hakuwa na muda wa kuchagua.

Ramani inaamua mengi

Toka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, mabasi yanakwenda Nairobi kupitia Namanga, Lusaka kupitia Tunduma, Kampala kupitia Mutukula, Kigali kupitia Rusumo. Hiyo ndiyo dunia ya hati ya dharura: nchi za Afrika Mashariki na baadhi ya majirani wa kusini na magharibi kama Malawi na Zambia. Unapoiomba unaeleza unakwenda wapi na kwa nini, kwa hiyo usitaje Nairobi ilhali moyoni una mpango wa kuunganisha mbele.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Utasikia mtu anasema, "Mbona Wakenya wanaingia Uganda na kitambulisho tu?" Ni kweli. Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana baina yao, na tangu 2014 raia wao wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia kwenye mpango huo. Kadi yako ya NIDA itakupandisha boti ya Zanzibar bila shida, maana huko ni nyumbani, lakini Namanga haitakuvusha. Ukifika pale na NIDA peke yake utarudi Arusha na basi lile lile, kama bado lina nafasi.

Faida tuliyo nayo sisi ni nyingine. Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ianze kutumika Julai 2010, raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki anapewa kibali cha kukaa hadi miezi sita kama mgeni bila kulipia viza. Kenya ilipoanza kuwataka wageni waombe idhini ya kuingia mtandaoni, Januari 2024, raia wa Jumuiya waliachwa nje ya utaratibu huo. Kwa hiyo Nairobi, ukiwa na pasipoti au hati ya dharura, ni kugongewa muhuri na kuendelea. Namanga kwenyewe siku hizi ni kituo cha pamoja: unatoka Tanzania na kuingia Kenya ndani ya jengo moja, madirisha mawili yanafuatana. Watu wengine wanaliruka la kwanza kwa haraka ya kuwahi basi. Usiliruke. Siku ya kurudi utaulizwa muhuri wa kutokea uko wapi.

Angalizo: Jumuiya sasa ina nchi nane, pamoja na Kongo iliyoingia 2022 na Somalia 2024, lakini kuwa kwenye Jumuiya siyo tiketi ya kuingia kila nchi kwa masharti yale yale. Anayekwenda Lubumbashi aulizie masharti yake kabla ya kupakia.

Ukivuka nje ya majirani, mjadala umekwisha. Johannesburg, Dubai, Guangzhou, Mumbai, Istanbul: pasipoti. Hata ndege ya Nairobi, kama una hati ya dharura, lipigie simu shirika kabla ya kununua tiketi.

Hesabu ya laki na nusu

Turudi kwenye hela, maana ndiko swali lilikoanzia. Laki na nusu gawa kwa miaka kumi ni elfu kumi na tano kwa mwaka. Hati ya dharura ni elfu ishirini kila unapolazimika kuchukua nyingine. Ukiichukua mara ya nane umeshatumia laki na sitini, umepita bei ya pasipoti, na mkononi huna kitu zaidi ya karatasi zilizoisha muda. Hapo sijahesabu nauli za Kurasini, picha, kopi, na siku nane ambazo hukufungua biashara.

Mama wa dagaa alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mimi nakwenda mara moja tu kuwaona." Nikamuuliza wakikubali kununua, nani atakwenda kudai hela? Akacheka.

Hesabu hii lakini ina tundu, na ni haki niliseme. Miaka kumi ni ya kwenye karatasi. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita siku unapoingia, kwa hiyo kwa msafiri wa mbali pasipoti ya miaka kumi ni ya miaka tisa na nusu.

Nililijua hilo kwa kuchomwa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nakwenda Dubai kuchukua vifaa vya simu. Viza ninayo, hoteli imelipiwa, mabegi mawili matupu ya kurudi na mzigo. Dada wa kaunta akafungua pasipoti, akatazama tarehe, akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, halafu akaniangalia kwa huruma. Ilikuwa imebaki miezi mitano na siku chache. Hakuna aliyenikaripia, begi lilishushwa kwenye mzani tu, likarudi miguuni pangu. Shirika silitaji, na kwa kweli walikuwa sahihi: shirika likimpeleka abiria asiyetimiza masharti, linatozwa faini na linambeba kumrudisha. Ndiyo maana mpaka wa kwanza wa Dubai uko Kipawa, pale kaunta ya kupokelea mizigo, na watu wa kaunta wana mfumo uitwao Timatic unaowaonyesha masharti ya kila nchi. Ofisa wa uhamiaji utamkuta baadaye.

Tundu la pili ni kurasa. Chukua dereva wa lori wa njia ya Lubumbashi. Anatoka Tunduma, muhuri; anaingia Nakonde, muhuri; anatoka Zambia pale Kasumbalesa, muhuri; anaingia Kongo, muhuri. Kurudi ni ile ile. Mihuri minane kwa safari moja, na ofisa mwenye mkono mpana anajaza ukurasa kwa mihuri mitatu minne. Dereva huyu atamaliza kurasa muda mrefu kabla ya kumaliza miaka, na akitaka kuomba viza mahali atakuta hakuna pa kuibandika. Nchi za Ulaya za eneo la Schengen, kwa mfano, zinataka kurasa mbili tupu. Madereva wanaonipitia huwa nawaambia wamwombe ofisa kwa adabu, "Mkuu, nisaidie hapa pembeni pa huu ulioguswa." Mara nyingi wanakubaliwa.

Ndani ya kile kitabu

Pasipoti tunayotumia ilizinduliwa Dar es Salaam tarehe 31 Januari 2018 na Rais John Magufuli. Ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ndiyo maana jina la Jumuiya liko juu ya jalada. Zile za zamani zilipewa muda hadi Januari 2020. Kama bado unayo moja ndani ya kisanduku cha vyeti, itunze kwa kumbukumbu na kwa viza zake, haikusafirishi tena. Rangi za jalada: bluu ni yetu sisi watu wa kawaida, kijani ya watumishi wa serikali wakiwa kazini, nyekundu ya wanadiplomasia. Hizo mbili haziombwi kwa kutamani.

Fungua ule ukurasa mgumu wenye picha yako, angalia chini kabisa. Kuna mistari miwili ya herufi na namba zenye alama kama midomo ya ndege, <<<. Kila mstari una nafasi 44, na mpangilio huo ni mmoja dunia nzima, umewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake Montreal. Mstari wa kwanza unaanza na P, kisha TZA, kisha jina la ukoo, midomo miwili, halafu majina mengine. Wa pili una namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha, zimeandikwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Baada ya kila moja ya hizo kuna tarakimu moja ya ziada, ambayo ni jibu la hesabu inayofanywa na tarakimu zilizotangulia. Mtu akibadilisha hata namba moja kwa kalamu, hesabu inagoma na mashine inajua.

Ile mistari ina kazi nyingine ambayo watu hawaijui. Ndiyo ufunguo wa chipu. Mashine inasoma kwanza mistari, ndipo chipu inakubali kufunguka na kutoa picha na taarifa zake. Kwa hiyo yule abiria aliyeniambia amefunga pasipoti kwa karatasi ya kuchomea samaki ili "wasimdukue ndani ya daladala" alikuwa anajisumbua. Anachopaswa kuhofia ndani ya daladala la Gongo la Mboto ni mkono, siyo mtambo.

Hati ya dharura haina chipu wala hadithi yote hii. Ofisa anaitazama kwa macho, anakutazama wewe, anauliza maswali. Mpakani inatosha. Kwenye nchi ambako milango inajifungua yenyewe kwa kusoma uso, haisemi lugha ya mashine zao.

Na kuna jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko chipu. Pasipoti inakusanya ushahidi. Mihuri ya Nairobi, Lusaka na Johannesburg, kila mmoja na tarehe ya kuingia na ya kutoka, ndiyo inayomwambia ofisa wa ubalozi kwamba huyu akienda huwa anarudi. Mihuri ya kwenye hati ya dharura inaisha na hati yenyewe. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekwenda Uganda mara sita kwa karatasi za dharura, siku akiomba viza ya Uchina anaonekana kama mtu ambaye hajawahi kutoka Ilala.

Majina: hapa ndipo safari nyingi hukwama

Nikiambiwa nichague kosa moja la kulizuia, ningechagua hili. Sisi majina yetu matatu hayana jina la ukoo kama wanavyolielewa wao. Una lako, la baba, la babu. Mwingine ana la babu shuleni, la ukoo kwenye cheti cha kuzaliwa, na NIDA wameandika walivyosikia. Mohamedi wa kwenye cheti ni Muhammad wa kwenye NIDA na Mohammed wa kwenye leseni ya biashara. Nyumbani hakuna anayejali. Mashine inajali.

Pasipoti inafuata nyaraka zako: kitambulisho au namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, na uthibitisho wa uraia wa wazazi, kwa cheti chao au hati ya kiapo. Hizo zikipishana herufi, ndipo unapoambiwa uende ukarekebishe na urudi. Rekebisha kabla ya kulipa chochote. Anayechukua hati ya dharura naye anathibitisha uraia, kwa hiyo usidhani ya elfu ishirini inakukwepesha na hili. Tofauti ni kwamba kosa la kwenye hati linaondoka na hati, kosa la kwenye pasipoti unalala nalo miaka kumi.

Kisha tiketi. Wakala anauliza jina, unamtajia matatu kama unavyoitikia shuleni, naye anaweka la kati kwenye nafasi ya ukoo. Fungua pasipoti, msomee kutoka kwenye ile mistari miwili: kilicho kabla ya midomo miwili ni ukoo, kilicho baada ni majina mengine. Usimpe jina la kwenye WhatsApp.

Pasipoti haikuruhusu kuingia

Wapo wanaopata pasipoti wakadhani wameshafika. Pasipoti ni maneno ya serikali yako kwamba huyu ni wetu. Viza ni maneno ya serikali nyingine kwamba tunaweza kumpokea. Na hata ukiwa na zote mbili, neno la mwisho ni la yule aliyekaa kwenye kiti kirefu nyuma ya kioo siku unayofika.

Kwa pasipoti yetu safari zinagawanyika hivi, kwa jinsi ninavyoziona zikipita kwenye mashine yangu ya kuprinti. Majirani na nchi nyingi za kusini mwa Afrika ni kuingia bila viza. Afrika Kusini, kwa mfano, inaruhusu Mtanzania hadi siku 90 kwa mwaka. Wagonjwa wanaopelekwa India na ndugu zao wengi huomba viza ya mtandaoni, ambayo inakuja kwa barua pepe na unaibeba imeprintiwa. Dubai nayo haibandikwi. Ni karatasi inayoletwa na wakala, hoteli au shirika la ndege, lakini imefungwa na namba ya pasipoti yako, kwa hiyo ukibadilisha pasipoti katikati umejivunjia. Uchina wanataka uombe viza kabla ya safari.

Ulaya ndiyo yenye mlolongo. Viza ya Schengen ya muda mfupi ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, isiyorudishwa ukinyimwa. Unatakiwa uwe na bima ya safari inayogharamia matibabu ya angalau euro 30,000, pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka kumi iliyopita na itakayobaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko. Ukipewa, huruhusiwi kuzidisha siku 90 ndani ya kila siku 180. Hesabu ya 180 inarudi nyuma kutoka siku uliyopo, haianzi Januari. Nimeona watu wazima na shahada zao wakiikosea.

Halafu ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo haihusiani na pasipoti wala hati ya dharura, lakini inakaa mfuko mmoja nazo na ndiyo inayosahaulika. Chanjo inahesabiwa kuanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya kudungwa, kwa hiyo kuchanja usiku wa kuamkia safari hakukusaidii. Cheti tangu 2016 ni cha maisha. Anayekwambia ukirudie kila miaka kumi anatumia habari za zamani.

Mwenyewe au kishoka?

Nje ya kila ofisi ya serikali Dar kuna vijana wenye bahasha za kaki wanaojua kila kitu. Ninawafahamu, baadhi ni wateja wangu. Fomu ya pasipoti inajazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, inatoa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, unaprinti, unaambatisha vielelezo na picha yenye mandhari ya bluu mpauko. Halafu unakwenda mwenyewe kwa miguu yako kuchukuliwa alama za vidole na picha. Hakuna kishoka mwenye vidole vyako. Anachokuuzia ni foleni na maneno, na akikosea herufi moja ya jina, utakayeirudia foleni ni wewe.

Kama kompyuta inakutisha, nenda stesheneri yoyote ukae kando ya anayechapa na umsomee herufi moja moja. Elfu kadhaa zinatosha. Usimwachie mtu namba yako ya NIDA na kuondoka, hata mimi.

Na pasipoti ikishatoka, usiiweke rehani. Kuna wakopeshaji wanaipokea kama dhamana, na kuna waajiri nje wanaoichukua "kuitunza" wakati dada zetu wanapofika kazini. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, wewe umekabidhiwa. Piga picha ukurasa wa mbele, mtumie ndugu mmoja unayemwamini, na kopi moja iwe begi tofauti na pasipoti yenyewe. Ukiipoteza ugenini, kopi hiyo ndiyo itakayofanya ubalozi ukutambue haraka na kukupa, naam, hati ya dharura.

Kwa hiyo nani achukue ipi

Kama safari ni ya ghafla, ni kwa jirani, na huna pasipoti, chukua hati ya dharura bila aibu. Ukirudi, anza taratibu za pasipoti ukiwa huna haraka. Watu wengi hawafanyi hivyo, wanasubiri dharura nyingine.

Kama ni biashara, hata ya Lusaka tu, chukua pasipoti. Mwanafunzi anayeomba chuo nje aanze na pasipoti kabla ya barua ya chuo, kwa sababu fomu nyingi za maombi zinadai namba yake. Mzee anayekwenda kutibiwa atafutiwe pasipoti, pamoja na ndugu atakayemsindikiza. Nimeona mgonjwa anayo na msindikizaji hana. Dereva wa malori ahesabu kurasa kila mwisho wa mwezi kama anavyokagua matairi.

Na kama pasipoti yako imebakiza chini ya mwaka, usingoje. Leo una muda. Mwezi ule utakaopigiwa simu ya safari hutakuwa nao.

Yule kijana alivuka Namanga, akazika, akarudi. Alinitumia picha ya muhuri kana kwamba ni cheti cha darasa la saba. Mama wa dagaa alikwenda nyumbani kufikiria, na wiki mbili baadaye akaja na mwanawe wa kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, kiapo cha uraia wa marehemu baba yake na noti zimefungwa kwenye pindo la khanga. Tulikuta cheti kina jina moja zaidi ya NIDA, akaenda kulimaliza hilo kwanza. Siku alipopita akitoka Kurasini alisimama mlangoni, akainua kitabu cha bluu juu ya vichwa vya wateja, akauliza:

"Dada, kava la plastiki la hii unauza shilingi ngapi?"